Je, farasi anaweza kufugwa peke yake bila kuteseka?

Mwenye Farasi Mmoja aliuliza:

Salamu kwenu, ndugu wanajukwaa. Miezi mitatu iliyopita nilinunua farasi jike mwenye umri wa miaka 13, mpole na aliyezoea kupandwa, kutoka kwa mfugaji aliyekuwa na farasi wanane katika malisho mamoja. Hapa kwangu ana nyasi za kutosha, kivuli, maji safi, na banda ambalo mlango wake haufungwi, ili aingie na kutoka apendavyo. Niliamini kwamba nimemtoa katika msongamano na kumpa raha.

Tangu juma la kwanza mambo hayakuwa kama nilivyotarajia. Hutembea kandokando ya uzio wa upande mmoja tu, akienda na kurudi, hata nyasi za pale zimekufa na kubaki njia ya vumbi. Nikitokeza asubuhi hunililia kabla sijafika langoni, na nikiondoka hunililia tena. Nyasi kavu ninazomwekea huzila kidogo, akainua kichwa, akasikiliza, kisha akaziacha. Amepungua mwili ingawa chakula hakijapungua. Lililonishangaza zaidi ni kwamba sijawahi kumwona amelala chini, wala asubuhi sioni vumbi au majani yaliyoganda ubavuni mwake.

Nimepewa ushauri wa aina mbili unaopingana. Aliyeniuzia anasema kwamba farasi atazoea, nimpe muda. Jirani yangu, ambaye hajawahi kufuga farasi lakini amefuga kila kitu kingine, anasema kwamba nimemfunga mnyama wa kundi katika kifungo cha upweke. Wahenga walisema kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba, na mimi nikipiga hesabu ya chakula, kutengeneza kwato na matibabu, naona msamba wangu hauko mbali na kupasuka. Ndiyo maana nauliza: je, ni lazima awe na farasi mwenzake? Mbuzi au punda hawezi kutosha? Na mimi mwenyewe nikiongeza muda wa kukaa naye, je, hautapungua upweke wake?

Mzee wa Malisho alijibu:

Ndugu Mwenye Farasi Mmoja, swali la kwanza nalijibu bila kuzunguka: farasi anahitaji wenzake, na dalili ulizozieleza ndizo zile zile zinazoonekana pale farasi aliyekulia kundini anapotengwa ghafla.

Farasi ni mnyama aliyeumbwa akiwindwa. Macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa, kiasi kwamba huona karibu pande zote bila kugeuka. Kila sikio huzunguka kwa upande wake. Na miguu yake hukimbia kwanza, akili ikafuata baadaye. Kwa mnyama wa namna hiyo, kundi si anasa ya kupiga soga. Kundi ndilo linalogawa kazi ya ulinzi, kwa kuwa mmoja akiinamisha kichwa kula mwingine anatazama, na mmoja akilala mwingine amesimama. Ukimweka peke yake, zamu zote za ulinzi zinakuwa zake, usiku na mchana. Wewe unajua kwamba hapo kwako hakuna mnyama mkali wa kumdhuru, lakini yeye hajaambiwa.

Wapo wanaosema kwamba hayo ni mambo ya farasi wa porini, na kwamba farasi wetu wamekwisha kusahau. Hoja hiyo haina nguvu. Farasi wa Przewalski, ambao ni farasi wa mwituni wa Asia ya Kati, walikuwa wametoweka kabisa porini, wakabaki wale waliofugwa katika bustani za wanyama, na walipoanza kurudishwa Mongolia mwaka 1992 walikuwa uzao wa vizazi vingi vilivyozaliwa ndani ya uzio. Hata hivyo, walipoachiwa waliishi kwa mpangilio ule ule wa kale: dume na majike wake pamoja na watoto, na madume yasiyo na majike yakaunda makundi yao. Jambo hili la madume linanigusa kila nikilifikiria, maana hata yule aliyefukuzwa na kunyimwa majike hachagui kukaa pekee. Hutafuta waliofukuzwa wenzake.

Sasa kuhusu wewe kukaa naye zaidi. Bila shaka kuna faida. Umewahi kuona farasi wawili wamesimama wakielekeana, kila mmoja akimkuna mwenzake kwa meno pale shingo inapokutana na mgongo? Mwaka 1993 watafiti wawili, Claudia Feh na Jeanne de Mazières, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu jambo hilo, wakaonyesha kwamba farasi akikunwa mahali hapo mapigo ya moyo wake hupungua, hali ambayo haikutokea alipokunwa sehemu nyingine ambayo farasi hawapendelei kukunana. Kukuna kwenyewe kulifanywa na mkono wa binadamu, kwa hiyo mkono wako nao una dawa. Mkune hapo kila unapomhudumia, badala ya kumpigapiga shingoni kama wengi tulivyozoea, jambo ambalo sidhani kama farasi yeyote aliwahi kuliomba.

Lakini hesabu saa. Hata ukiwa mtu wa kujitoa sana, utakaa naye saa tatu kwa siku. Zinabaki 21, na ndani yake umo usiku wote, ambao ndio wakati anapohitaji zaidi mtu wa kulinda zamu. Huwezi kulala malishoni maisha yako yote.

Neno la mwisho ni kuhusu huko “kuzoea” unakoahidiwa. Farasi akiacha kulia haina maana kwamba ametulia. Wapo wanaonyamaza kwa sababu wamechoka kuita: husimama pembeni mwa banda, kichwa kimelegea, masikio hayageuki hata mtu akipita, na mwenyewe hufurahi akidhani mnyama amekuwa mpole. Mimi farasi anayelia ananipa matumaini zaidi kuliko huyo.

Tabibu wa Kwato alijibu:

Mimi ni daktari wa mifugo. Nakubaliana na Mzee wa Malisho, lakini naomba tusikimbilie upweke kabla ya kuondoa sababu nyingine. Farasi anayepungua mwili huku chakula kipo apimwe meno, kinyesi chake kichunguzwe minyoo, na tumbo lake lisisahaulike. Tumbo la farasi ni dogo kwa umbo lake na hutoa asidi muda wote, ale asile, kwa sababu limeumbwa kwa mnyama anayechunga sehemu kubwa ya siku na usiku. Mnyama mwenye wasiwasi, anayekula mafunda mawili na kuacha, hupitisha saa nyingi tumbo likiwa karibu tupu, na huo ni mlango mmojawapo wa vidonda vya tumbo. Kwa hiyo hata kama chanzo ni upweke, huenda sasa kuna ugonjwa juu yake, na kumletea mwenzake hakutauponya ugonjwa huo peke yake.

Katika maelezo yako yote, lililonishtua ni kutolala. Watu wengi huamini kwamba farasi hulala akiwa amesimama, na ni kweli kwa kiasi fulani, kwani kano za miguu yake zinaweza kujifunga zikamshikilia bila misuli kuchoka. Huo, hata hivyo, ni usingizi mwepesi. Usingizi mzito, ule ambao misuli yote hulegea na macho huchezacheza chini ya kope, haumpati ipasavyo mpaka alale chini. Hauhitaji muda mrefu, yapata nusu saa hadi saa moja kwa siku, tena kwa vipande vipande. Lakini asipoupata kwa siku nyingi, huanza kuporomoka akiwa amesimama. Utamwona anasinzia, kichwa kinashuka, magoti ya mbele yanakunjika ghafla, kisha anazinduka kwa kishindo. Wenye farasi hao mara nyingi huniita wakidhani ni kifafa.

Nenda ukatazame vifundo vya miguu yake ya mbele, upande wa mbele, juu kidogo ya kwato. Ukikuta manyoya yamekwanguka au kuna makovu usiyoyajua yametoka wapi, basi huenda amekuwa akiporomoka usiku. Katika hali hiyo usimpande mpaka achunguzwe.

Sababu za farasi kukataa kulala chini ni chache. Ya kwanza ni maumivu ya viungo, ambapo anajua kwamba akilala atateseka kuinuka. Ya pili ni sehemu mbaya: tope, mawe, au banda jembamba lisilo na matandiko. Ya tatu ni kutojihisi salama, na hapo ndipo mwenzake anapohusika moja kwa moja. Maumivu yachunguzwe kwanza.

Niongeze kwamba suala hili si maoni ya wapenda wanyama tu. Uswisi, kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2008, inataka kila farasi aweze kumwona, kumsikia na kumnusa mnyama mwingine wa jamii ya farasi, na farasi wachanga wafugwe kwa makundi mpaka wafikishe miezi 30 au waanze kutumiwa mara kwa mara. Kwa farasi mzee aliyebaki peke yake, mamlaka zinaweza kutoa ruhusa maalumu. Na zile kanuni za uhuru wa aina tano wa mnyama, zilizotokana na kazi ya baraza la ustawi wa mifugo la Uingereza mwaka 1979, zinataja waziwazi kuwa na wanyama wa aina yake miongoni mwa mambo ambayo mnyama anastahili kupewa.

Sikubali Haraka alijibu:

Kwa heshima zote, wakubwa zangu, naomba kupingana kidogo, maana naona tunamhukumu mwenzetu kana kwamba kila farasi duniani ni yuleyule. Nilikuwa na farasi aliyehasiwa ambaye hakuvumilia kiumbe mwenye kwato karibu yake. Nilipomweka na mwenzake alimng'ata mpaka akamtoa kipande cha ngozi begani. Nilipobadilisha mwenzake, akamkimbiza mpaka akavunja uzio. Mwishowe nilimweka peke yake kwa miaka sita, akanenepa, akalala, tena alilala hadi kukoroma, na wala hakutembea uzio hata siku moja. Sasa mniambie, huyo naye alikuwa akiteseka?

Wapo farasi walionyanyaswa kundini. Wapo waliotenganishwa na mama zao mapema mno na kulelewa pekee, wakakua bila kujifunza adabu za farasi: hawajui sikio lililolazwa nyuma lina maana gani, hawajui kuondoka wanapoonywa, na matokeo yake ni mateke. Kumtupa mnyama wa namna hiyo katikati ya wengine kwa jina la ustawi wake ni ukatili wa aina nyingine.

Mzee wa Malisho alijibu:

Ndugu Sikubali Haraka, nakushukuru kwa kutopima kila farasi kwa kipimo kimoja. Lakini naomba nikuulize jambo moja: katika miaka hiyo sita, farasi wako alikuwa akiona nini ng'ambo ya uzio?

Sikubali Haraka alijibu:

Umenikamata, mzee. Jirani yangu alikuwa na farasi watatu, na malisho yetu yalitenganishwa na njia nyembamba tu. Na kwa kuwa tunaambizana ukweli, nitaongeza ambalo sikutaka kuliongeza: jirani alipohamisha farasi wake, yule wangu alisimama kwenye kona ile ya uzio kwa siku nne, akawa anakula usiku tu. Nililaumu hali ya hewa. Baadaye nilipopata nafasi ya kumweka mahali anapoona wengine, alirudia hali yake.

Bado nashikilia kwamba si kila farasi anaweza kuchanganywa katika malisho mamoja. Ila nakiri kwamba wangu hakuwa peke yake. Alikuwa na wenzake kwa umbali alioupenda yeye.

Mama Mbuzi alijibu:

Nijibu lile swali la mbuzi na punda, kwa kuwa naona wataalamu wamelikwepa.

Mbuzi nimemtumia. Farasi wangu jike alibaki pekee baada ya mwenzake kufa, na nikamletea mbuzi jike asiye na pembe. Kwa siku mbili farasi alikimbia kona zote za malisho akimpulizia pua, na siku ya tatu walikuwa wakila pamoja. Alitulia, hilo siwezi kulikana. Kutembea kwake kando ya uzio kulipungua, ingawa hakukukoma.

Lakini sikilizeni gharama ambazo hazikuandikwa. Mbuzi hupita mahali ambapo ungeapa kwamba hata kuku hapiti, kwa hiyo nilijenga uzio upya. Mbuzi mwenye pembe anaweza kumchoma farasi tumbo, na farasi mwenye hasira anaweza kumuua mbuzi kwa teke moja. Vyakula vyao haviendi pamoja: baadhi ya vyakula vya kutengenezwa vya mbuzi, ng'ombe na kuku huwekwa dawa iitwayo monensini, ambayo kwao ina manufaa lakini huharibu moyo wa farasi, na kiasi kidogo tu chaweza kumuua. Ukifuga mbuzi na farasi pamoja, ghala la chakula cha mbuzi liwe na kufuli. Kwa wenye kufikiria kondoo, tahadhari ni kinyume chake: madini ya shaba yaliyomo katika chakula cha farasi huwa sumu kwa kondoo.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa kingine. Mbuzi naye ni mnyama wa kundi. Nilipomchukua farasi kwenda naye matembezini, mbuzi alibaki akilia mpaka sauti inakauka, nikawa nimetatua upweke mmoja kwa kuunda wa pili. Ilibidi nimletee mbuzi wa pili, na mbuzi wawili walipopatana, walimsahau farasi! Wakawa wanalala pamoja wawili, naye amesimama pale pale alipokuwa akisimama zamani. Mbuzi hakunani na farasi, hasomi masikio yake, na hatashika zamu yake ya usiku kwa namna ambayo farasi anaielewa.

Punda yuko karibu zaidi, maana ni wa ukoo mmoja, na wapo farasi na punda waliopendana sana. Lakini punda hufungamana na punda mwenzake kwa nguvu za ajabu. Akipoteza mwenzake anaweza kuacha kula, na punda akiacha kula mafuta ya mwili wake humiminika katika damu kwa wingi, hali inayoweza kumuua kwa siku chache, hasa kama alikuwa mnene. Pia hunenepa kwa malisho ambayo farasi anaona ni ya kawaida tu. Tena anaweza kubeba minyoo ya mapafu bila kukohoa hata mara moja, kisha akaiacha malishoni imsumbue farasi. Usimlete bila kumpima na kumtibu. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua tena, nitachukua farasi mzee aliyestaafu kupandwa.

Mwenye Farasi Mmoja aliandika tena:

Nawashukuru nyote, hasa ndugu Sikubali Haraka kwa kukiri hadharani jambo ambalo wengi tungelificha.

Daktari alikuja. Meno ni mazuri, minyoo ni michache, viungo havina maumivu. Anashuku vidonda vya tumbo na ametuanzishia dawa, na kuniagiza niweke nyasi kavu mahali patatu au panne ili asipitishe muda mrefu bila kula. Vifundo vya mbele nilivitazama kama nilivyoelekezwa, na kwenye mguu wa kulia manyoya yamekwanguka kabisa. Nilikuwa nimeiona alama hiyo zamani nikadhani ni kuumwa na wadudu.

Kuna mtu yuko tayari kuniazima farasi mdogo wa kimo, aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka 22, ambaye hapandwi tena. Nina hofu mbili. Ya kwanza ni jinsi ya kuwakutanisha. Ya pili ni ile niliyoisoma mahali kwamba farasi wawili hushikamana hata mwenyewe asiweze kumtoa mmoja bila mwingine kupandwa na wazimu. Mtu mwingine ameniambia niweke kioo bandani, niokoe gharama.

Tabibu wa Kwato alijibu:

Nianze na kioo kwa kuwa hakina mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba farasi waliokuwa wakiyumba kichwa na shingo huku na huku bandani walipunguza tabia hiyo walipowekewa kioo kisichovunjika. Kwa hiyo si uzushi. Ila kioo kinafaa kwa farasi aliyefungiwa kwa muda mfupi, kwa mfano anayeuguza mguu, na wapo wanaokivamia wakidhani ni mshindani. Kwa tatizo la kutolala, picha yake mwenyewe haiwezi kusimama zamu wakati yeye amelala.

Kabla ya kuwakutanisha, mgeni akae karantini ya majuma matatu. Mpime joto kila asubuhi. Kwa farasi mzima wa afya huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Ninachokihofia zaidi ni ule ugonjwa wa bakteria unaovimbisha tezi za chini ya taya na kooni mpaka zinapasuka usaha, kwa sababu farasi aliyepona anaweza kuendelea kuubeba akionekana mzima. Ndoo, brashi, kamba na hata nguo zako zisitoke kwa mgeni kwenda kwa mwenyeji. Mhudumie mwenyeji kwanza, mgeni baadaye. Hakikisha wote wawili wamechanjwa, na pepopunda isisahauliwe. Waonane kwa mbali, lakini pua zisigusane.

Mzee wa Malisho alijibu:

Karantini ikiisha, wakae kila mmoja upande wake wa uzio imara usio na nyaya za miiba. Watanusana, watapiga mayowe, mmoja atapiga teke hewani. Hayo ndiyo maamkizi yao. Wakianza kula karibu na uzio kila mmoja akiwa ametulia, na ikiwezekana ukiwaona wamesimama sambamba, hapo wako tayari.

Siku ya kuwachanganya chagua asubuhi, ili uwe na mchana mzima wa kutazama. Tumia eneo kubwa kuliko yote uliyonayo, lisilo na kona nyembamba ambako mmoja anaweza kubanwa. Viatu vya chuma vya miguu ya nyuma viondolewe kabla. Weka mafungu ya nyasi yazidi idadi ya farasi, yaachane kwa hatua nyingi, ili anayefukuzwa kwenye moja apate la kukimbilia. Wasiwe na njaa, na usiingie katikati yao na ndoo ya chakula mkononi, maana wengi wetu tulioumizwa tuliumizwa kwa sababu ya ndoo. Kufukuzana, kulaza masikio na kung'atana kidogo ni mambo ya kawaida. Watenganishe pale mmoja anapokimbizwa bila kuachiwa nafasi ya kusimama, au anapozuiwa maji.

Farasi wa kimo kidogo hunenepa haraka, na unene huo humletea uvimbe wenye maumivu makali ndani ya kwato, unaoweza kumlemaza kabisa. Wa kwako amepungua na anahitaji kuongezwa. Yule huenda akahitaji kupunguziwa. Panga tangu sasa utakavyowalisha tofauti bila kuwatenganisha kwa saa nyingi. Na kwa umri wa miaka 22, meno yake huenda hayasagi vizuri, jambo ambalo hubadilisha mpango wote.

Hofu ya kushikamana ni ya kweli. Wawili wanaojuana wao tu huweza kufikia hali hiyo, na ndiyo sababu wafugaji wengi husema kwamba watatu ni rahisi kuliko wawili: ukimtoa mmoja, wanabaki wawili. Usipoweza kufika huko, anza mapema. Mtoe mmoja hatua kumi tu, wakiwa bado wanaonana, mwachie aliyebaki nyasi nzuri, kisha mrudishe kabla hajaanza kulia. Kesho hatua ishirini. Kosa tunalofanya ni kusubiri mpaka siku ya safari ndipo tujue kwamba hawajawahi kutengana hata kwa dakika moja.

Kwa kuwa ni wa kuazima, andikianeni. Nani atalipa daktari, nani ataamua ikiwa mzee huyo hawezi tena kuinuka, na je, mwenyewe anaweza kumdai arudishwe kesho akaacha wako katika hali ile ile ya leo? Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa sababu ya kutoandika. Na siku mmoja atakapokufa, usiuondoe mwili haraka. Mwache aliyebaki aukaribie, aunuse, aondoke mwenyewe. Wengine humaliza kwa dakika chache na kurudi kula. Wasiopewa nafasi hiyo wanaweza kumtafuta mwenzao na kumwita kwa siku kadhaa.

Mwenye Farasi Mmoja aliandika tena:

Leo ni siku ya tisa ya karantini. Mgeni yuko upande wa pili wa uwanja, joto lake halijapanda hata mara moja, na mkataba tumeandikiana kurasa mbili. Farasi wangu ameacha ile njia yake ya vumbi. Sasa hushinda kwenye kona inayomtazama mgeni, na nyasi nimezihamishia huko kwa kuwa ndiko anakokula. Leo asubuhi nilikuta vumbi na vijiti vya majani ubavuni mwake, upande wa kushoto. Sitaki kujidanganya, maana huenda alijigaragaza tu. Je, kuna njia ya kutofautisha? Na kwa kuwa wote wawili wanaonekana wazima, naweza kufupisha karantini?

Tabibu wa Kwato alijibu:

Anayejigaragaza mara nyingi huchafuka mgongoni na pande zote mbili, wakati aliyelala huchafuka upande mmoja, na nyasi alipolalia hubaki zimelazwa kwa umbo la mwili wake. Nenda ukaitafute sehemu hiyo kabla jua halijazinyanyua, au weka kamera ndogo usiku mbili tatu. Karantini usiifupishe. Zimebaki siku 12.